Miaka Yangu na Mzee Luhanga, Mpiga Tarumbeta wa Guangzhou

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa viatu vya shemeji yangu. Dada yangu Mwanaidi, ambaye ndiye aliyenileta Guangzhou nimsaidie biashara ya suruali za jinzi, alikuwa ameambiwa kwamba wanamuziki wa hoteli ile huvaa viatu vyeusi, nami nilikuwa na vya kahawia tu. Shemeji ana mguu mdogo. Nilipanda ngazi za mlango wa nyuma, klarineti kwapani, nikitembea kama mtu anayekanyaga misumari, na juu nikamkuta Mzee Damasi Luhanga akipangusa tarumbeta lake kwa kitambaa cha flana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Rajabu wa bendi ya polisi?"

"Ndiye mimi."

"Klarineti umeleta?"

"Ninayo hapa."

"Vizuri. Leo hutaipiga. Utaipakata, utasikiliza. Na hivyo viatu vua, ukikaa nyuma ya piano hakuna atakayeona miguu yako."

Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na moja. Nilikuwa nimepiga klarineti tangu ujana wangu, kwanza kwenye gwaride, kisha katika muziki wa dansi Dar es Salaam, mpaka vinanda vya umeme vilipokuja na wenye kumbi wakaona kidole kimoja kinaweza kufanya kazi ya wapulizaji wanne. Niliudhika kuambiwa nikae kimya. Lakini nilivua viatu, nikakaa, nikasikiliza saa tatu nzima. Kufikia jioni nilikuwa nimeelewa kwamba kazi ile sikuijua.

Niwaeleze vijana ilivyokuwa. Tulikuwa watu sita, na tulipiga jazi ya kale, ile ya mwanzo kabisa, kabla haijawa muziki wa kukaa kitini na kutafakari. Katika jazi hiyo tarumbeta hushika wimbo, huusema wazi ili kila mtu aujue. Klarineti huzunguka juu yake, hupanda na kushuka kama mtu anayetania. Tromboni hujibu kwa chini, kwa sauti ya kuburuta. Nyuma yao banjo na ngoma hukatakata mapigo, na chini kabisa huwa kuna tuba, lile pembe kubwa la kukumbatia, au besi la kusimama, linalomwonyesha mchezaji mahali pa kuweka mguu. Wote husema kwa pamoja, na ufundi wote umo katika kutomkatiza mwenzako. Mimi nilizoea nota zilizoandikwa. Pale kilichoandikwa kilikuwa kiunzi tu. Nyama uliitia mwenyewe, papo hapo.

Wiki ya pili niliporuhusiwa kupiga, nilipiga kila nilichokijua. Wakati wa mapumziko Mzee akanivuta pembeni.

"Rajabu, umesema sana."

"Nimekosea nota, mzee?"

"Hata moja hukukosea. Lakini tarumbeta lilikuuliza swali mara tatu, na mara zote tatu wewe ulikuwa unaongea."

Hoteli hiyo sitaitaja. Ilikuwa na ukumbi wa chai wenye taa za shaba na sakafu ya mbao, na wateja wake wa kila siku walikuwa wazee wa Guangzhou, mabibi na mabwana waliokuja kunywa chai na kucheza dansi ya wawili wawili. Tulianza saa tisa alasiri, tukamaliza saa kumi na mbili jioni. Mapumziko ya kwanza yalikuwa saa kumi na robo, na nilichukua mwaka mzima kugundua kwamba kabla sijaajiriwa yalikuwa saa kumi na nusu. Mzee, aliyekuwa Mkristo wa Iringa, aliyasogeza nipate kuswali Alasiri kwa utulivu kwenye chumba cha kuhifadhia vitambaa vya meza. Hakuniambia. Aliyeniambia ni mpiga banjo wetu, Mkongo tuliyemwita Papa Dido.

Nani alimfundisha mtu wa Iringa muziki huo? Mzee alikuja China kwa ufadhili wa masomo, kusomea ujenzi wa madaraja, miaka ambayo mji huu ulikuwa wa baiskeli. Jirani na bweni lao aliishi Mchina mmoja mstaafu aliyewahi kupiga tarumbeta katika kumbi za dansi za zamani, kisha akakaa miaka mingi bila kuligusa. Kijana Luhanga alijua tarumbeta kidogo kutoka shule ya misheni. Wakapatana. Alihitimu ujenzi wa madaraja na nasikia alifaulu vizuri, lakini baada ya miaka michache kazini aliliacha daraja likamalizwa na wengine. Alijifunza klarineti, banjo na tromboni, kila kimoja cha kutosha kumwonyesha mtu alipokosea. Kichina alikisoma na kukiandika. Wafanyabiashara wetu wa mtaa wa Guangyuan Xilu walimwita kila walipotaka mkataba usomwe na mtu asiye na upande.

Na aliandika. Hili ndilo wengi hawakulijua. Kila asubuhi, kabla ya mazoezi, alikaa kwenye kantini ya wafanyakazi na daftari la mistari, bakuli la uji wa mchele likipoa mbele yake. Aliandika makala za muziki kwa gazeti la nyumbani, aliandika michezo ya redio, aliandika mashairi ya kuchekesha juu ya wapishi wa hoteli na kuyatafsiri kwa Kichina ili wenyewe wacheke. Aliposikia kwamba polisi walinifundisha kupiga taipu, alinipa daftari la kwanza bila hata kuomba.

"Chapa kama nilivyoandika," alisema. "Ukiona kosa, nionyeshe. Ukiona uongo, nionyeshe upesi zaidi."

Kazi yetu ilikuwa na taabu zake. Mwezi wa tatu Guangzhou huingia unyevu ambao wenyeji wana jina lake. Kuta hutoka jasho, sakafu huloa bila mvua. Klarineti hulia kwa kijiti chembamba cha tete kinachofungwa kwenye kipulizio, na tete likivimba kwa unyevu, sauti huwa ya bata. Mzee alinifundisha kuvilaza vijiti juu ya kipande cha kioo, upande bapa chini, na kuvitumia kwa zamu, kila kimoja kisizidi siku moja. Zaidi ya miaka ishirini baadaye bado nafanya hivyo, na bado kipande cha kioo ni kilekile.

Sasa nifike mahali ambapo mimi mwenyewe sikung'aa.

Ilikuwa Jumanne, asubuhi, kantini. Mzee alikunywa chai, nayo ikamtiririka upande wa kushoto wa kidevu mpaka kwenye shati. Akajifuta, akanywa tena, ikamwagika tena. Nilipomtazama, jicho lake la kushoto lilikuwa halifumbi na mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja.

"Rajabu," alisema, na jina langu lilitoka limepondeka, "nipe tarumbeta."

Aliliweka mdomoni. Pumzi ilitoka pembeni, ffuu, kama tairi. Akajaribu mara tano. Kisha akalifungia ndani ya sanduku lake taratibu, kibanio kimoja, kibanio cha pili, tukaenda hospitali.

Ulikuwa mshipa wa fahamu wa uso. Daktari alisema wengine hupona kabisa, wengine nusu, na kwa umri wake asingeahidi. Akalazwa siku chache, akapewa dawa, akachomwa sindano za Kichina, akaambiwa asubiri. Kwa mtu mwingine uso ni uso. Mpiga tarumbeta anafanya kazi kwa midomo kama fundi cherehani anavyofanya kazi kwa vidole.

Wiki hizo hizo mpiga tuba wetu, Mfilipino, mkataba wake uliisha, akarudi kwao. Meneja wa ukumbi, Bwana Liang, akaniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka.

"Bwana Luhanga amekwisha," alisema kwa Kiingereza chake. "Wewe ongoza. Watu wanne wanatosha."

Akanisogezea karatasi, upande mmoja Kichina, upande mwingine Kiswahili. Niliisoma. Ilisema mimi ndiye "mshikambele" wa bendi kuanzia siku ile, na mkataba wa kiongozi aliyetangulia umekoma. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia kwa karatasi ya hoteli, lakini kwa kiherehere nilichokuwa nacho sikujiuliza. Nilijiambia: nikikataa, bendi itakufa na wenzangu watatu watakosa kazi. Huo ulikuwa ukweli. Ukweli mwingine ni kwamba moyo wangu uliruka. Miaka yote ile nilitaka kusimama pale mbele. Nikatia saini.

Kisha nikaona haya kwenda kumtazama Mzee. Siku moja nikasema nimechoka, siku ya pili dada ana mzigo wa jinzi wa kukagua viwandani kule Xintang, siku ya tatu mvua. Siku kumi na moja zikapita. Na ukumbini mambo hayakwenda. Klarineti ilibidi ishike wimbo, kwa hiyo juu hapakuwa na mtu. Na chini, pasipo tuba wala besi, palikuwa patupu. Wazee wetu walikuwa wakisimama katikati ya sakafu, wanatazamana, mguu mmoja hewani, kisha wanarudi kwenye chai. Bwana Liang akaanza kuzungumzia muziki wa kurekodiwa.

Papa Dido ndiye aliyenitoa. Alinishika kifungo cha koti kwenye lifti.

"*Honte*, Rajabu! Aibu! Mzee anauliza kila siku kama una vijiti vya kutosha, na wewe hujui hata kama anakula!"

Nilikwenda siku hiyo hiyo, kabla ya kazi. Mzee alikaa chumba kimoja mtaa wa Xiaobei, juu ya duka la mizigo. Nilibisha, nikasikia kitu kizito kikisogezwa, mlango ukafunguka. Uso wake ulikuwa bado umepinda. Vidole vyake vinne vilikuwa vimefungwa plasta, na nyuma yake, limeegemea kitanda na kukaribia dari, lilikuwa besi la kusimama. Aliliazima kwa mwalimu wa muziki wa shule ya jirani.

"Karibu, kiongozi," alisema.

Sikuweza kuketi. Nilianza kusema, "Mzee, ile karatasi..."

"Kiongozi," alinikatiza, "nina swali la kazi. Unayo nafasi ya mpiga besi?"

"Tangu lini unapiga besi?"

"Tangu siku ya nne baada ya hospitali. Midomo imekataa, mikono haijakataa. Kupiga haraka sijui. Lakini wale wazee hawahitaji haraka, wanahitaji kujua pa kukanyaga. Sikiliza."

Akapiga. Mapigo ya polepole, mazito, kila moja mahali pake, plasta zikikwaruza nyuzi. Kuna sauti mbili tatu zilizopotoka. Nilitazama chini, kwa sababu machozi ya mwanamume wa makamo hayana pa kwenda katika chumba kidogo.

Nilimpeleka kwa Bwana Liang mwenyewe, besi tumelibeba na Papa Dido kama jeneza. Bwana Liang aliutazama uso wa Mzee, akatikisa kichwa. "*Meiyou*," alisema, hakuna. Nafasi hakuna, na wateja hawapendi kuona ugonjwa wakinywa chai.

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano. Wazee walikuwa wameshaketi. Nikafungua klarineti yangu, nikakitoa kijiti, nikakiweka mfukoni.

"Basi leo hapapigwi kitu," nilisema. "Waambie wewe."

Sikuwa nimewahi kumjibu mkubwa hivyo maishani, hata polisini. Bwana Liang aliangalia ukumbi, akaangalia saa.

"Leo tu," alisema.

Mzee alisimama nyuma kabisa, upande wake wa kushoto ameuelekeza ukutani. Nilihesabu nne, tukaanza wimbo ambao tuliupiga kila wiki. Na chini yangu, pale palipokuwa patupu kwa siku kumi na moja, nikasikia sakafu imerudi. Niliacha kupiga kwa muda mfupi ili nisikie. Bibi mmoja, mteja wa miaka mingi ambaye hucheza amevaa glavu nyeupe, alikuwa wa kwanza kusimama. Kufikia wimbo wa pili hapakuwa na kiti chenye mtu. Tulipomaliza, bibi yule alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Liang, akamshika mkono wa shati na kumwambia maneno marefu kwa Kikantoni.

"Anasema nini?" nilimwuliza Mzee.

"Anasema chai leo ni ya moto," alijibu.

Papa Dido, aliyekuwa na mke wa Kikantoni, alicheka mpaka akakaa chini. Bibi alikuwa amesema kwamba mpiga besi akiondoka, yeye na meza zote za dirishani wataondoka naye.

Mzee alipiga besi nyuma yangu miaka saba. Uso ulirudi kwa sehemu kubwa, tarumbeta halikurudi. Katika miaka hiyo hakunisahihisha mbele ya mtu hata mara moja. Nikipeleka wimbo mbio mno, nilisikia besi likikaza kidogo, kama mkono wa mzazi begani, nikaelewa. Bendi ilikua tena, tukapata mpiga tarumbeta kijana wa Kichina, ambaye Mzee alimfundisha yote aliyoyajua bila yeye mwenyewe kuliweka tarumbeta mdomoni. Na asubuhi aliendelea kuandika. Daftari zilikuwa zimefika kumi na tisa: kitabu cha jinsi ya kupiga jazi ya kale, kwa Kiswahili, na katikati yake maisha yake.

Nilikuwa nachapa daftari la kumi na nne nilipokutana na neno "mshikambele". Mzee alieleza kwamba amelibuni mwenyewe, kwa kuwa Kiswahili hakikuwa na neno alilolipenda kwa mtu anayeongoza bendi huku anapiga. Nililitazama lile neno. Nililiona mara moja tu hapo kabla. Nikachukua daftari, nikaenda nalo kantini.

"Mzee, mkataba wangu ulitafsiriwa na nani?"

Aliendelea kupuliza uji wake. "Na mimi. Nani mwingine pale hotelini aliweza kusoma Kichina na kuandika Kiswahili?"

"Ukiwa hospitali?"

"Kitandani. Liang alileta mwenyewe, na machungwa. Hakujua pengine pa kuipeleka."

"Ukatafsiri karatasi ya kukufukuza wewe?"

"Nikikataa, angempa mtu ambaye angekuandikia vibaya. Nilimwambia pia kwamba kifungu cha likizo ya wiki mbili kimesahauliwa. Hakikuwa kimesahauliwa. Hakikuwapo."

Ile likizo niliitumia kila mwaka kwenda Tanga kumwona mama. Nikauliza lile lililokuwa likinikereketa. "Na siku kumi na moja nilizokaa bila kuja?"

Akaweka kijiko. "Nilikasirika, Rajabu. Nilikasirika siku tatu. Zile nane zilizobaki nilikuwa nakungoja tu."

Kitabu kilichapishwa hapa hapa, kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji kinachotengeneza lebo za nguo. Mwanaidi alipakia boksi za nakala katikati ya mabelo ya jinzi, kontena likaondoka bandari ya Nansha, na dada akadai huo ndio mzigo pekee aliowahi kuusafirisha uliosomwa na mabaharia. Hilo siliamini, ila nilijua kwamba nakala zilifika, na walimu wa bendi za shule walianza kumwandikia Mzee wakimwuliza mambo ya vipulizio na nyuzi. Alijibu kila barua. Mwaka uliofuata alirudi Iringa kwa moyo mkunjufu, akaniachia besi alilokuwa amelinunua.

Mimi niliendelea mbele ya bendi mpaka meno yangu ya juu yalipoanza kulegea. Nilistaafu kwa hiari, jioni, baada ya wimbo wa mwisho wa saa kumi na mbili, na wazee waliosalia walinipa thermosi. Sasa nakaa na dada, na Jumamosi stoo yake ya Guangyuan Xilu hujaa wanafunzi wetu wa vyuo, wa Mombasa, wa Mbeya, wa Bukavu. Mabelo ya nguo hunyonya sauti vizuri. Huwaambia wafunge midomo kwanza, wanichukie kidogo.

Nikiulizwa kazi ilinipa nini, husema ilinipa kusimama karibu na mtu mmoja kwa muda mrefu. Nimekutana na wapigaji wenye vidole vyepesi kuliko vyake. Sijakutana na mwingine aliyepoteza sauti yake akatafuta nyingine wiki hiyo hiyo, na asiidai nafasi yake kwa mtu yeyote.

Mwaka huu binti yake alinipigia simu kutoka Iringa. Mzee alikuwa amefariki usingizini siku mbili kabla, na habari nilikuwa nayo. Walikuwa wanatengeneza kipeperushi cha mazishi, ukurasa mmoja, na wamekwama.

"Baba mdogo, mwenye kuchapa anasema pale kwenye kazi tuweke moja tu. Tuandike mhandisi? Au mwanamuziki?"

"Andikeni zote, mwanangu. Mhandisi, mpiga tarumbeta, mpiga besi, mwalimu, mfasiri, mwandishi."

"Nafasi haitoshi."

"Punguzeni picha."

"Picha aliichagua mwenyewe. Ile ya uso umepinda, ameshika besi."

Nilifikiri kidogo. Siku ile asubuhi nilikuwa nimewatumia rambirambi yangu, ndefu, iliyonichukua usiku kucha.

"Basi punguzeni maneno yangu," nilisema.

Walinisikiliza. Kazi zake zote sita zimo, na mimi niko chini kabisa, mstari mmoja. Mengine waliyoyatoa ndiyo haya mliyoyasoma.